Doti Ambazo Hazijakatwa

"Mama, hizi ni za kuuza?"

Swali hilo aliulizwa mama yangu ndani ya banda la ukaguzi, kwenye bandari moja ya pwani yetu ambayo sitaitaja. Kontena lilikuwa limeshafunguliwa. Mkeka wetu wa kulia chakula ulikuwa umetandazwa sakafuni, na juu yake vimepangwa vyombo vya maisha ya miaka zaidi ya 40 ya Muscat: sufuria, masinia, dele la kahawa, chetezo, cherehani ya mkono, mbuzi ya kukunia nazi ambayo alikwenda nayo ujana wake na sasa anarudi nayo. Hivyo vyote afisa alivipitia haraka, akaweka alama kwenye karatasi yake. Alipofika kwenye furushi la shuka jeupe akasimama. Akalifungua. Ndani yake mlikuwa na khanga, zimekunjwa vizuri, zinanuka udi, na kila moja bado ni doti nzima, vipande viwili vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani.

"Kuuza?" mama akamjibu. "Nimuuzie nani, mwanangu?"

Kosa lilikuwa langu. Orodha ya vitu niliiandika mimi. Nilidhani ninafanya jambo la uaminifu, nikaandika kwa mkono wangu: khanga mpya, doti 41. Hilo neno "mpya" ndilo lililotuweka pale tangu asubuhi mpaka alasiri. Nitarudi kwenye banda lile, lakini kwanza hebu tuizungumze forodha yenyewe, maana tangu siku ile sijaacha kuifikiria. Nimerudi kwenye vitabu vya historia ya pwani na riwaya nilizowahi kuzisoma, nikagundua kwamba swali aliloulizwa mama lina umri mrefu kuliko nchi zetu.

Tuanze na neno. Forodha tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya mwanzo ni mahali pa bandari, pale chombo kinapotia nanga na mizigo inapolipiwa. Kwa hiyo Forodhani, pale Unguja ambapo leo watu wanakula pweza na urojo jioni, si jina la bustani. Ni jina la kazi. Hapo mbele ya bahari ndipo mali za nusu ya Afrika Mashariki zilipohesabiwa: pembe za ndovu, karafuu, gundi ya sandarusi, na majora ya kitambaa kutoka Marekani ambacho wazee wetu walikiita merikani moja kwa moja, bila kuzunguka.

Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja hakuwa na maafisa wa forodha tunaowajua leo. Forodha aliikodisha. Mfanyabiashara mmoja alilipa kiasi maalumu kwa mwaka, akapewa haki ya kukusanya ushuru, na chochote kilichozidi ni chake. Kwa miaka mingi katika karne ya 19 haki hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Sewji, Mhindi wa asili ya Kutch, ambaye mbali na forodha alikuwa pia mkopeshaji wa Sultani mwenyewe. Mkataba na Marekani wa 1833 uliweka ushuru wa 5% kwa bidhaa wanazoziingiza wafanyabiashara wao. Kwa hiyo anayekuuliza "hiki ni cha nini?" alikuwa mtu ambaye jibu lako linaingia mfukoni mwake. Sidhani kama wasafiri wengi walifaidika na shaka.

Na tusiifanye forodha ile kuwa hadithi tamu ya majahazi na karafuu. Mpaka 1873, biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipopigwa marufuku kwa mkataba na soko la Unguja likafungwa, watu walioletwa kutoka Kilwa walipita forodhani na kutozwa ushuru kwa kichwa. Mwanamke aliyetekwa bara, akafikishwa pwani hana hata kitambaa cha kujifunika, hakuulizwa amebeba nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mzigo. Kila ninaposikia mtu anasema forodha ni suala la hesabu tu, nakumbuka hilo. Forodha tangu mwanzo ni mahali ambapo mtu mwenye kalamu anaamua kitu kiitwe nani: bidhaa, au cha nyumbani, au mtu.

Mpaka kati ya bidhaa na cha nyumbani, kwa watu wa pwani, haujawahi kuwa ukuta. Mwishoni mwa 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kikuwait pale Aden, akasafiri nalo na kaskazi mpaka Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji. Safari hiyo aliiandikia kitabu. Mabaharia aliowakuta walikuwa na masanduku yao, na ndani ya masanduku hayo nguo za baharia zililala pamoja na vitu vyake vidogo vya biashara. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na sanduku ndilo lililomsaidia. Sasa niambie, sanduku lile lilikuwa la mali au la nguo? Ukimuuliza mwenyewe angekwambia ni sanduku langu, basi.

Hata hivyo wapo walioondoka bila sanduku la maana. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said. Agosti 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Highflyer, akashuka Aden. Huko aliolewa, akawa Emily Ruete, akahamia Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, na binti wa Sultani akabaki Ujerumani na watoto watatu, akipigania maisha. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani 1886. Alifariki 1924. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake walikuta mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye Hamburg.

Mchanga! Huo hauna ushuru popote. Nimejiuliza mara nyingi angeuandikaje kwenye orodha. Mchanga, mfuko mmoja, umetumika? Ulitumika kwa nini?

Wasomaji wa riwaya hapa najua mmeshafika nilikokuwa ninakwenda, kwa Abdulrazak Gurnah. Yeye mwenyewe alizaliwa Unguja 1948, akaondoka akiwa kijana katika miaka migumu iliyofuata Mapinduzi ya Januari 1964, akaenda Uingereza. Tuzo ya Nobel ya 2021 imewafanya wengi wamjue, na *Paradise* tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Lakini kitabu ninachokitaka mimi leo ni *By the Sea* cha 2001. Mzee Saleh Omar, aliyekuwa na duka la samani kule kwao, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine na begi dogo. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Afisa anapekua begi lake, anakuta kijisanduku cha udi, ud-al-qamari, na kwa maneno ya upole kabisa anakichukua.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilimchukia yule afisa. Nimekisoma tena baada ya siku yetu bandarini, na safari hii nikaona jambo lililonipita. Udi ule kwenye maisha ya Saleh Omar ulianza kama biashara. Aliupata kwa mfanyabiashara aliyekuja na musimu, katika mapatano ya mali na mikopo ambayo baadaye yaliwaangusha watu wengi kwenye hadithi hiyo. Miaka ikapita, duka likapotea, familia ikapotea, na kilichobaki cha duka lote kikawa kile kijisanduku. Bidhaa iligeuka kumbukumbu bila kubadilika hata chembe. Ulikuwa udi uleule. Kilichobadilika ni aliyekuwa amekishika. Afisa hakuwa na namna ya kuliona hilo, na mzee, kwa kuwa amefunga mdomo, hakuwa na namna ya kulisema.

Sasa turudi kwa mama. Yeye aliondoka Unguja kwenda Muscat katikati ya miaka ya 1970, kumfuata baba. Sultan Qaboos alikuwa ameshika utawala 1970, akafungua milango kwa Waomani waliotawanyika nje, na wengi wa Unguja na pwani yote walikwenda kuijenga nchi ile wakiwa walimu, wauguzi, makarani, wahandisi. Waliondoka na Kiswahili chao, nacho bado kiko huko. Mama aliondoka na sanduku moja la bati na ile mbuzi ya nazi. Baba alimcheka: unadhani Muscat hakuna chakula? Miezi sita baadaye majirani walikuwa wanakuja kuiazima.

Kila alipokuja nyumbani likizo alinunua khanga. Nyingine zina chapa ya Urafiki, kile kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam 1968 kwa msaada wa China. Nyingine ni za Mombasa, zenye nembo ya Mali ya Abdulla. Nyingine zilitoka India kupitia duka la Darajani. Alinunua moja ya kuvaa na moja ya kuweka. Ya kuvaa ilikatwa, ikapigwa pindo, ikachakaa jikoni na kwenye kulea. Ya kuweka iliingia ndani ya shuka jeupe, ikafukizwa udi, ikawekwa. Mwanamke wa pwani anajua maana ya kuweka, na anajua pia kwamba khanga haitolewi zawadi ikiwa imekatwa. Unatoa doti nzima ili mwenyewe aikate, kwa hiyo khanga inayosubiri kutolewa lazima ibaki kama ilivyotoka dukani.

Hapo ndipo alipokutana na sheria. Tangu 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia sheria moja ya usimamizi wa forodha, iliyotungwa 2004, na kwa anayehamisha makazi kwa kweli si sheria mbaya. Inamruhusu aingize bila ushuru nguo zake, vitu vyake binafsi na vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka, na hata gari moja kama amelimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12. Mizigo ifike ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe awasili, na Kamishna anaweza kuuongeza muda huo hadi siku 360. Nchi nyingine nazo zina vipimo vyao. Uingereza wanataka uwe umekimiliki kitu na kukitumia kwa miezi 6. Marekani wanataka mwaka mmoja. Popote utakapokwenda kipimo ni hichohicho kimoja: je, kimetumika?

Kisha yako yasiyosamehewa: pombe, tumbaku na manukato zaidi ya kiasi cha msafiri, kitu chochote cha kuuza, na vitambaa ambavyo bado ni jora. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lililotukamata. Afisa alituonyesha kwa kidole: hazijakatwa, hazina pindo, hazijavaliwa. Na juu ya hapo khanga, kikoi na kitenge vimewekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti, zinazotozwa 50%, ili viwanda vya kwetu visimezwe na vitambaa vya kutoka nje. Ni sababu ya haki, nami ningeitetea siku nyingine yoyote. Isipokuwa siku ile nilikuwa ninatazama doti yenye chapa ya Urafiki, iliyochapwa Dar es Salaam, ikitozwa ushuru wa mgeni ili kiwanda cha Dar es Salaam kilindwe.

"Una risiti ya kuzinunua hapa, mama?"

"Ya mwaka wa themanini na tatu?"

Yule kijana alicheka, na mama akacheka. Nataka niseme hapa kwamba alikuwa kijana wa heshima. Alimwamkia, akamtafutia kiti, akamletea maji. Hakutafuta kitu. Alitaka tu mama ampe jibu ambalo karatasi yake ingelikubali. Mwishowe akainama, akashusha sauti kama anayetoa siri: "Mama, ukizikata hapahapa, kila moja vipande viwili, mimi ninaandika nguo za mwenyewe. Mkasi upo ofisini."

Nilishusha pumzi. Nikamwambia mama, haya, tukate, tuondoke, jua hili. Kwa hesabu yangu ulikuwa msaada mkubwa tuliopewa bure.

Mama akakataa. Hakukasirika. Alivuta furushi kwake, akaanza kuzigeuza moja moja. Hii ya mke wako siku ukioa tena, akaniambia mbele ya watu, maana hajaacha kunichoma na talaka yangu. Hizi za watoto wa dada yako. Hii alininunulia baba yako tulipogombana, sikuivaa kwa hasira, na hasira ilipokwisha ikawa imeshakuwa ya kuweka. Akafika chini kabisa, kwenye doti 12 zilizofungwa peke yake kwa uzi mweusi.

"Na hizi ni za shughuli yangu," akamwambia afisa. "Za kunistiri, na za wale watakaoniosha. Sasa nikazikate leo, mwanangu?"

Hakuna aliyesema kitu. Mimi ni mtoto wake, nimelala chumba kimoja na furushi hilo utoto wangu wote, na nilikuwa sijui. Nilijua lina khanga tu. Ndipo nikaelewa kwa nini anarudi, jambo ambalo kila nilipomuuliza alilijibu kwa masihara ya embe na samaki wabichi. Kumbe alikuwa amerudi na zana zake zote, na ile ya mwisho imo ndani ya shuka, mpya, haijaguswa, kwa sababu kazi yake bado haijafika. Sheria inauliza kitu kimetumika muda gani. Mama yangu alikuwa na kitu ambacho matumizi yake ni kusubiri, na alikuwa amekitumia hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Afisa akavua miwani yake, akaifuta. "Mama, nikiandika hivyo hawatanielewa."

"Usiandike hivyo. Andika unavyotakiwa. Nitalipa."

Akalipa. Doti zote 41, kama bidhaa, kwa ushuru wa bidhaa. Nilitaka kubishana, nimtafute mkubwa wake, nitaje kifungu. Wakala wetu wa forodha alikuwa ananikonyeza nisibishe. Mama akanizuia kwa mkono: kijana amefanya kazi yake, sisi tumepita, mbona unataka tulale hapa?

Tulipokuwa tunafunga mizigo alichomoa doti moja, nyekundu na nyeusi, akamnyoshea yule afisa. "Mpelekee mama yako. Mwambie nimemsalimu."

Kijana akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu kabisa. "Hapana, mama, samahani sana. Hapa hiyo inaitwa rushwa."

Kwa hiyo siku moja, ndani ya banda moja, khanga zile ziliitwa mpya na mimi, bidhaa na sheria, rushwa na kijana mwaminifu, na sanda na mama yangu. Na kusema kweli hakuna aliyekuwa mwongo. Ndiyo maana siku hizi nikisoma kwamba fulani alihama nchi akaenda nchi, iwe Salme, iwe Saleh Omar, iwe wale waliovuka bahari baada ya 1964 na kijifurushi mkononi, ninatafuta kwanza ukurasa unaotaja alibeba nini. Wanahistoria wetu wameandika vizuri sana juu ya pembe na karafuu zilizopita Forodhani, kwa sababu zilitozwa ushuru, na kilichotozwa ushuru kina karatasi. Vitu vya nyumbani vilisamehewa, na kwa kusamehewa havikuandikwa. Tunajua bei ya jora la merikani la wakati ule. Hatujui wanawake waliovuka kutoka Hadhramaut, Lamu au Ngazija walifunga nini ndani ya shuka.

Mama yuko salama, alhamdulillahi. Anaamka alfajiri, anagombana na muuza samaki, mbuzi ya nazi inafanya kazi kila siku. Doti nyingi zimeshatoka, moja moja, arusini na kwenye arubaini za wajukuu. Zile 12 ziko chini ya kitanda chake, kwenye shuka lilelile, na stakabadhi ya ushuru ameikunja akaiweka humohumo. Nilimuuliza ya nini karatasi hiyo. Akaniambia isije ikatokea siku yenyewe mtu akauliza kama zimelipiwa.